Vikombe vya Shangazi

Niliambiwa nifumue nywele, nizioshe, nisipake mafuta, na usiku wa kuamkia kipimo cha umeme wa ubongo nisilale kabisa. Mama aliogopa kukesha nami, nisije nikaanguka mbele yake. Akaja Shangazi, dada mkubwa wa baba, na karata zake.

Nilikuwa na miaka 16. Mwaka mzima mikono ilikuwa ikiniruka asubuhi: mswaki unachomoka, chai inamwagika, nagombezwa kwa uzembe. Kisha nikaanguka kifafa chenyewe, asubuhi ya mtihani, baada ya kukesha nikisoma. Zahanati ikanipa dawa ya kifafa, karbamazepini, mikono ikazidi kuruka. Kumbe dawa inayotuliza kifafa kimoja huweza kuchochea kingine.

Alfajiri Shangazi akajimiminia chai. Alipoinua kikombe, mkono wake uliruka kama aliyepigwa shoti, chai yote ikaishia kwenye kanga.

"Uzee huo," akasema, akifuta haraka. Alikuwa na miaka 42.

Hospitalini nilibandikwa nyaya kichwani kwa dawa nzito inayonata, nikahisi kama nasukwa upya. Nikaambiwa nivute pumzi kwa nguvu dakika 3, kisha taa ikanimulika ikiwakawaka. Shangazi aliketi nyuma ya mpimaji, macho kwenye skrini.

Baadaye daktari alituonyesha. Mistari ilikuwa ikitambaa taratibu, mara yote ikainuka kwa pamoja, ya kulia na ya kushoto: miiba imesongamana, nyuma yake wimbi pana, tena miiba, tena wimbi, mara 4 hadi 6 kwa sekunde.

"Kifafa hiki mara nyingi kina asili ya ukoo," akasema. "Wengine hawaanguki maisha yao yote, lakini ukiwapima unakuta miiba kama hii. Kwenu kuna mwingine anayerukwa na mikono asubuhi?"

Nilikumbuka kabati la Shangazi, vikombe vya plastiki tu, hata wageni wakija. Sisi watoto tulimcheka kwa ubahili. Kwa mumewe alikokaa miaka 3, walisema ana jini linalovunja vyombo, wakamrudisha kwao.

Sikujibu. Halikuwa langu la kusema.

Shangazi alikuwa bado anaitazama ile mistari. Akajifunga kanga vizuri, doa la chai likaingia ndani.

"Daktari," akauliza, "kipimo hiki ni shilingi ngapi?"