Shemeji, Tezi Kwanza!

Ilikuwa Agosti 2018, kwenye mto Nene, mashariki ya Uingereza, tukiteremka kutoka Northampton kuelekea Peterborough. Boti ni ya shemeji yangu, baharia mstaafu wa Tanga aliyehamia huko: chuma kitupu, urefu mita 17, upana mita mbili na kidogo tu, kwa sababu boti za namna hii ziliundwa zipenye kwenye mifereji yenye malango membamba. Ukisimama ndani ukanyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili. Abiria wa tatu alikuwa Njugu, mbwa wa kilo 14.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha injini Shemeji alichomoa kijiti akaangalia oili. Jioni, akizima, alizungusha kishikio cha grisi mpaka kikakaza, kwani pale shafti inayozungusha panga la nyuma inapotokeza nje, grisi ndiyo inayozuia maji. Ukisahau, yanadondoka ngamani, chini kabisa ya boti, usiku kucha. Njugu naye alivishwa jaketi lenye mpini mgongoni. Mpini ndio wa maana kuliko povu linaloelea. Mbwa anajua kuogelea. Asichoweza ni kupanda ubavu wa chuma.

Loki, yaani vyumba vya maji vyenye milango vya kushushia na kupandishia boti, za Nene zina tabia yake. Juu kuna milango miwili ya kawaida, chini kuna bamba moja zito la chuma linalopandishwa wima. Mengi yanapanda kwa umeme. Moja tulilikuta la gurudumu la mkono, nikahesabu mizunguko mia, nikaacha kuhesabu. Ukishapita unaliacha bamba juu, kwa kuwa mto huu hufurika, na loki zenyewe huweza kufunguliwa pande zote mbili ili mafuriko yapite. Unapopita chini yake linakudondoshea maji ya baridi shingoni, na hakuna anayekwepa. Njugu alipita kila loki akiwa ndani, mlango umefungwa. Mbwa hafungwi kamba ndani ya loki: maji yakishuka mita mbili na kamba yake imenasa kwenye nchi kavu, ananing'inia. Anayeshika kana, yaani mkono wa usukani, kazi yake ni kuiweka tezi, yaani nyuma ya boti, mbali na kizingiti cha saruji kilicho nyuma. Tezi ikikalia kizingiti, omo, yaani mbele ya boti, inashuka peke yake, boti inajaa maji.

Tulipoiacha Oundle mto ukawa wa kona nyingi na majani mengi. Kwenye kona, boti ndefu hivi hujigeuza kwa katikati yake: ukiisukuma kana kushoto, omo inakwenda kulia na tezi inafagia upande wa pili. Kwa hiyo unaianza kona mapema, kabla mkondo haujakutupa ukingo wa nje.

Mara injini ikabadili sauti, ikawa nzito kama lori linalopanda mlima na mzigo. Moshi mweusi. Kana ikatetemeka, povu likajaa nyuma, mwendo ukafa. Kitu kimejisokota kwenye rafadha, lile panga la nyuma linalosukuma boti. Shemeji akazima papo hapo. Mbele, kama mita 200, mto uligawanyika: upande mmoja loki, upande mwingine ukuta ambao maji humwagika juu yake, na boti isiyo na injini haichagui.

Mimi nilikuwa omo. Nikaruka ukingoni na kamba, nikaipiga mzungo kwenye mti.

"Shemeji, tezi kwanza! Tezi!" akanipigia kelele kutoka kwenye kana.

Nilichelewa kuelewa. Maji yalitusukuma kutoka nyuma; ukiifunga omo, tezi inaendelea na safari. Boti ikakaa kukingama mto, paa likakwaruza matawi, Njugu akatumbukia. Bahati mto pale ulizidi urefu wa boti, la sivyo tungekwama kama kizibo. Ikazunguka yote, ikajilaza ukingoni ikitazama mkondo unakotoka, ambavyo ndivyo boti inavyotakiwa kufungwa mtoni. Njugu nilimchomoa kwa mpini, mkono mmoja.

Shemeji akautia ufunguo wa injini mfukoni kwanza, ndipo akafungua kifuniko kilicho juu ya rafadha. Akalala kifudifudi, mkono mzima majini, na kisu cha mkate. Kisu cha meno ndicho kinachokata. Cha nyama kinateleza. Vilitoka kwa vipande: majani, mfuko wa plastiki, kisha kitu cha nailoni kilichokaza kama waya. Dakika 40. Kifuniko alikirudisha akakikaza kwa nguvu zake zote, akaijaribu injini huku akimulika tochi humo ndani. Kikilegea, rafadha inarusha maji chumba cha injini na boti inazama.

Ile nailoni ilikuwa na kishikio chekundu. Ukanda wa kumwongozea Njugu, mita 5, niliouanika asubuhi kwenye reli ya tezi ukauke. Shemeji akaukamua maji, akanikabidhi, akaenda kuwasha jiko la chai.