Mwanga Unaomwacha Mwigizaji Huru

Nikiwa mpiga picha wa filamu, ninaposoma muswada kwa mara ya kwanza, siandiki lolote kuhusu kamera. Ninachotafuta katika kila onyesho ni nani anayeijua siri ambayo mwenzake bado hajaijua, kwa kuwa jibu hilo ndilo litakaloamua mtazamaji awe upande wa nani. Tuchukue mke anayemsikiliza mumewe akieleza alikokuwa, ilhali tayari anafahamu kwamba anadanganywa. Uso wake unaweza kupigwa kwa lenzi ya milimita 85, inayovuta vitu vya mbali, iliyowekwa mbali, au kwa lenzi ya milimita 35, inayoona upana zaidi, iliyosogezwa karibu naye. Ukubwa wa uso katika fremu utakuwa uleule, lakini hisia hazitafanana: ile ya kwanza inatufanya tumchungulie, hii ya pili inatuketisha naye chumbani. Mimi na mwongozaji huweza kulijadili jambo kama hilo kwa muda mrefu kuliko tutakaoutumia kulipiga picha, na sioni kwamba muda huo unapotea.

Sehemu ngumu zaidi ya kazi hii ni kuutunza mwanga. Onyesho la dakika tatu laweza kupigwa kuanzia asubuhi hadi jioni, na jua halimsubiri mtu, huku mhariri akitarajiwa kuliunganisha swali lililoulizwa saa tatu asubuhi na jibu lililotolewa saa kumi alasiri kana kwamba yamefuatana papo hapo. Ndiyo maana hupenda kuanza na shoti pana zinazoonyesha dirisha, jua likiwa mahali tunapolitaka. Tukifika kwenye shoti za karibu tunaliziba dirisha kwa kitambaa cheusi na kuweka taa ya kelvini 5600 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), inayokaribia rangi ya mwanga wa mchana, kwa sababu ile ya tungsteni, yaani ya balbu yenye waya unaowaka, ya kelvini 3200 ingeonekana ya manjano ikilinganishwa nayo.

Umbali wa taa nao una uzito wake. Taa ndogo ikiwekwa mbali mara mbili, mwanga unaomfikia mwigizaji hubaki robo tu; kwa hiyo taa iliyo hatua mbili kutoka kwake itamwangaza mara nne zaidi akiisogelea hatua moja, ilhali taa yenye nguvu iliyo mbali humruhusu atembee bila badiliko kubwa. Huchagua hiyo ya mbali kila nafasi inaporuhusu.

Kwa sababu hiyohiyo sipendi kufungua tundu la lenzi linalopitisha mwanga hadi mwisho ati tu mandhari ya nyuma yafifie vizuri. Katika filamu ya Barry Lyndon ya mwaka 1975, Stanley Kubrick na mpiga picha wake John Alcott walitumia lenzi za Zeiss za f/0.7 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi) ili wapige kwa mwanga wa mishumaa, na fokasi, yaani eneo linaloonekana kwa ukali, ilikuwa nyembamba kiasi kwamba waigizaji walilazimika kujizuia kusogea. Hadithi ile ya watu waliofungwa na adabu ilistahimili utulivu huo. Ugomvi wa ndugu wawili hauwezi kuustahimili. Hapo huchagua f/4 na kuongeza taa, ili mwigizaji akiinama ghafla kwa uchungu, msaidizi wa fokasi aweze kumfuata. Ndiyo maana huomba ratiba itenge muda wa mazoezi mahali penyewe tutakapopigia picha, kabla ya kuzipanga taa, hata ikibidi tupunguze shoti za siku hiyo.