Jinsi nilivyoacha kugombana na kiuno changu

Gauni la kitenge lilikaa kabatini miezi minne. Fundi alilishona vizuri, shida ilikuwa mimi: kila usiku napitia picha za wadada wa Instagram wenye viuno vya nyigu, asubuhi najitazama kwenye kioo na kununa.

Siku moja nikaikuza picha ya mmoja wao. Nyuma yake kuna fremu ya mlango, na usawa wa kiuno chake fremu imepinda kama ndizi. Mlango wa mbao unapindaje? Nikacheka peke yangu. Programu ya kuhariri picha ilipobana kiuno, ilibana na ukuta.

Nikaacha kufuata kila akaunti iliyokuwa ikininunisha, kama 40 hivi. Mbili ni za binamu zangu. Hizo nilizinyamazisha tu, undugu haufutwi. Simu nikaihamishia sebuleni usiku. Wiki ya kwanza mkono uliitafuta hadi chini ya mto.

Norwei, tangu 2022, tangazo lenye mwili uliohaririwa lazima liwekwe alama. Mimi alama yangu ni mlango.

Gauni? Zipu iligoma, fundi akaachia nusu inchi kila upande, nikaenda nalo harusini kwa shoga yangu.