Chozi wa mgombani

Nimerudi Konde, kwetu Pemba, kwa msimu wa karafuu. Leo asubuhi nimekaa na bibi baraza ya nyuma, tunachambua karafuu na makonyo (vile vijiti vyake), vidole vyote vyeusi. Mgomba wa kisimani umetoa ua. Mara akaja chozi, yule ndege mdogo mnyonya maua, akaning'inia miguu juu kichwa chini, akachomeka kile kidomo chake kilichopinda. Dume. Kivulini ni mweusi tu, lakini akigeukia jua kijani kinawaka kichwani na mgongoni, na kifuani panang'ara zambarau.

"Unatazama nini weye? Karafuu zinakungoja."

Utotoni nisingemtazama, ningemtega. Tulikuwa tukikinga utomvu wa mfenesi, tunaufanya ulimbo na kuupaka kwenye vijiti. Siku moja akanasa chozi. Nilipombandua, nusu ya manyoya ilibaki kijitini, naye akafia kiganjani mwangu, mwepesi hata sikuhisi kama nimeshika kitu. Bibi hakunipiga. Aliuliza tu: "Haya, huyo utampikia mchuzi gani?" Mpaka leo sijapata jibu.

Thamani yake nimeijua ukubwani, tena kwa mgeni. Tulikuwa njiani msitu wa Ngezi, mzungu mmoja mtu mzima akasimama ghafla, akavua kofia. Nikadhani kaona nyoka. Kumbe chozi! Akanipa darubini huku mikono inamtetemeka, akaniambia ndege huyu hayuko popote duniani ila Pemba na visiwa vyake vidogo. Wako wanne wa namna hiyo: chozi, kile kindege cha kijani chenye duara jeupe machoni, ninga wetu (njiwa wa kijani), na bundi mdogo anayelia usiku.

Unguja haina hata mmoja wao. (Nakiri nilifurahi. Sisi Wapemba hatushindi kila siku.) Sababu ni bahari. Mkondo wa Unguja na bara ni wa maji mafupi. Zamani za barafu, bahari ilipopungua, Unguja ilishikana na bara, na wanyama wakapita kwa miguu. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Wa kwetu wakabaki peke yao muda mrefu mno, wakawa wengine.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba chozi hakuondoka. Dhoruba ya 1872 iliiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo shamba kuu, na msitu ukakatwa mpaka Ngezi ikabaki kama kiraka huku kaskazini. Yeye akahamia mikarafuuni, minazini, uani kwetu. Pengine ndiyo maana hatukumwona: nani humtazama mtu wa nyumbani?

Nikamweleza bibi yote haya. Akasikiliza, mikono haisimami.

"Tanga hawako?"

"Hawako, bibi."

"Na Unguja?"

"Hata Unguja."

Akanyamaza. Alasiri akachukua panga kwenda kulikata lile ua, maana mkungu umeshafunga na ukiliacha ndizi hazinenepi. Chozi alikuwa palepale, safari hii na jike lake la kijivujivu. Bibi akasimama kidogo, kisha akarudi na panga lake.

"Mwache anyonye," akasema. "Nitakata Ijumaa."