Daftari la maji bandani: ninavyofuatilia mafua ya ndege Ilemela

Nafuga kuku wa mayai 300 Ilemela, Mwanza, jirani kabisa na Ziwa Victoria. Januari 2017 Uganda ilithibitisha mafua makali ya ndege aina ya H5N8. Ndege pori walikutwa wamekufa ufukweni Lutembe, karibu na Entebbe, kisha ugonjwa ukaonekana kwa bata na kuku wa kufugwa Masaka. Ziwa ni hili hili, na ndege pori hawana mpaka. Ndipo nilipoanza kufuatilia banda langu kwa utaratibu.

Nilianzia kwenye chanjo ya mdondo. Mdondo na mafua makali ya ndege vinafanana mno: vifo vya ghafla, kuharisha kijani, kukoroma, kichwa kuvimba. Kwa macho huwezi kuvitofautisha, hata uwe mtaalamu. Asiyechanja, kuku wakifa atasema "ni mdondo tu", atawachinja waliobaki na kuwapeleka sokoni, na ugonjwa utasafiri nao. Mimi nachanja kila miezi mitatu na tarehe naiandika, ili vifo vikija nisiwe na jibu la haraka haraka.

Kisha daftari. Kuku wa mayai hula gramu 110 hadi 120 kwa siku na hunywa maji karibu mara mbili ya uzito huo. Kwa banda langu ni lita 70 hivi, na jua likiwa kali huzidi. Asubuhi napima kwa ndoo, jioni napima yaliyobaki. Naandika maji, chakula, mayai na vifo, hata kama vifo ni sifuri. Kuku anaweza kusimama vizuri mbele yako na huku ameshapunguza kunywa, kwa hiyo safu ya maji ndiyo ninayoisoma kwanza.

Kazi ngumu ilikuwa bata wa bibi jirani. Walishinda ziwani na ndege pori, jioni wakarudi wakipitia kwangu kuokota pumba. Bata anaweza kubeba virusi hivi asionyeshe dalili yoyote, akavitoa kwenye kinyesi. Nilikwenda nikamwamkia, nikamweleza. Akanitazama: "Mwanangu, bata bila maji ni bata gani?" Alikuwa na haki. Tukachimba kidimbwi uani kwake, tukakisakafia kwa saruji, tukawa tunakijaza maji ya bomba. Bata wakatulia, na mimi nikaziba ua kwa wavu.

Halafu siku moja maji yalibaki zaidi ya theluthi. Hakuna kuku aliyekufa, ila mayai yalikuwa yamepungua na baadhi ya kuku walivimba uso, pua zikitoa ute wenye harufu mbaya. Sikukimbilia dawa. Nilifunga geti, nikasimamisha kuuza mayai, viatu vya bandani vikabaki bandani, nikampigia afisa mifugo. Alikuja amevaa barakoa na glavu. Alipitisha kijiti cha pamba kooni mwa kuku, kingine kwenye tundu la haja, akavitia kwenye vichupa vyenye maji maalumu na kuvipanga ndani ya boksi la barafu. Sampuli ikipata joto virusi huharibika, na maabara inaweza kukosa kitu ambacho kweli kipo.

Kusubiri kule kulinitesa. Nilimwambia mke wangu watoto wasisogelee banda, kwa sababu baadhi ya virusi vya jamii ya H5 humwambukiza binadamu pia. Hong Kong mwaka 1997 waliugua watu 18 wakafa sita.

Majibu yalisema si mafua ya ndege. Ilikuwa koraiza, ugonjwa wa bakteria. Afisa akatuandikia antibayotiki, na mayai ya kipindi cha dawa hatukuuza wala kula. Kuku karibu wote walipona. Wapo walioniambia nimejisumbua bure. Sikubaliani nao hata kidogo: kama ingekuwa H5, ningekuwa nimeikamata kabla haijavuka ua.

Siku hizi wafugaji wa mtaa wetu tunatumiana idadi ya vifo kila jioni kwa simu, sifuri zikiwemo. Asiyetuma anapigiwa. Waliobaki nje ni wenye kuku wa kienyeji kule mwaloni, wanaofuga wachache wachache bila banda, na ndio ninaowatembelea sasa, nikianza na chanjo ya mdondo.