Karatasi moja, watu wawili

Nilikuwa nimeolewa miaka kadhaa, na bado sijawahi kukaa na mume wangu mahali pa watu tukala pamoja. Kutoka tulikuwa tunatoka: matangani, kwenye harusi za ndugu, kanisani. Lakini matangani wanaume wanakaa chini ya hema na sisi tuko nyuma ya nyumba na masufuria, na harusini yeye yuko na wakwe, mimi niko na wamama tulioshona kitenge kimoja. Kutoka sisi wawili tu, bila shughuli ya mtu, bila mtoto mgongoni, kwa sababu jua linawaka na mji uko pale, hilo lilikuja Jumapili ya tarehe 31 Oktoba 2010.

Watu wa Lubumbashi, mji wetu huku Kongo, wanaikumbuka tarehe hiyo kwa jambo lingine. Ndiyo siku timu yetu, TP Mazembe, ilipocheza nyumbani na Espérance ya Tunis, mechi ya kwanza ya fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika, kwenye uwanja wa Kenya, komini (mtaa mkubwa) ya mji wetu, si nchi ya Kenya. Mwaka uliotangulia kombe lilikuwa limerudi kwetu baada ya miaka 41, na sasa tulilitaka tena. Wiki nzima mji ulivaa nyeupe na nyeusi. Hata mbuzi mmoja wa jirani yetu kule Katuba alifungwa kitambaa chenye picha ya mamba, alama ya timu.

Mume wangu alikuwa fundi umeme Likasi, kama kilomita 120 kutoka kwetu, na nyumbani alikuwa anakuja mwisho wa mwezi. Tiketi hakupata. Nikajua Jumapili atakwenda kwa marafiki kusikiliza redio na mimi nitapika. Jumamosi usiku, mtoto ameshalala, akaniambia, "Mama, kesho tutembee."

"Na nani?"

"Miye na weye."

Asubuhi mama mkwe, aliyekuwa anaishi nasi, alituona tumevaa tukiwa tumeshatoka misa ya kwanza, na mtoto tunamwachia yeye. Akasimama mlangoni. "Munaenda wapi? Nani alikufa?"

"Hakuna mutu alikufa, mama. Tunatembea tu."

Hakuelewa, na simlaumu. Mama yangu pia asingeelewa.

Oktoba ni mwezi wa joto kwetu. Juni na Julai watu wanavaa makoti, na asubuhi wanaota moto kwenye mbabula, jiko la makaa. Septemba hewa inageuka, na ikifika Oktoba, mvua hazijashika bado, mabati yanalia kutwa kwa jua na kila mtu anatafuta kivuli. Lakini ni mwezi mzuri pia, labda mzuri kuliko yote. Jakaranda zinachanua katikati ya mji hadi barabara zinakuwa na rangi ya zambarau juu na chini. Siku ile zilikuwa zimekaribia kumaliza. Maua yalilala kando ya lami, magari yanayakanyaga, na miti ya flamboyant ilikuwa inaanza kuwasha nyekundu yake. Tuliteremka kwenye basi mapema kwa makusudi, tukaenda kwa miguu. Mume wangu, mtu wa hatua ndefu, siku hiyo alitembea kwa hatua zangu.

Kitu cha kwanza tulichonunua ni munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Mama mmoja aliuza chini ya mti, ndoo imefunikwa kitambaa cheupe, ndani yake chupa ya barafu inaelea. Munkoyo mzuri unaujua kwa macho: unga wa mahindi umetulia chini, juu ni mwepesi, na unaona bado nyuzi mbili tatu za mizizi zilizoponyoka kwenye kuchuja. Mizizi hiyo ndiyo inayofanya kazi yote. Unapika uji mzito, unaupoza, unatia mizizi iliyopondwa, na usiku kucha uji unalegea na kuwa mtamu bila sukari, halafu unaanza kuchachuka. Yule mama alichotea kila mmoja wetu kikombe. Mume wangu akanywa wote bila kupumua, akaomba mwingine, akaninyooshea mimi kwanza. Sikuzoea kunywa wa kwanza. Nikanywa.

Zoo sitaisema sana, ingawa ndiko tulikokaa saa nyingi, kwa ajili ya miti. Kivuli cha zoo ya Lubumbashi mwezi wa Oktoba ni zawadi. Familia nyingi zilikuwa pale na nguo za Jumapili, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Tulisimama kwa sokwe. Tangu 2006 kuna kituo, JACK, kinacholea humo sokwe yatima walionyang'anywa watu waliokuwa wakiwauza, na mume wangu, ambaye kila siku yuko na nyaya na transfoma, aliwatazama kwa muda mrefu hadi nikamvuta mkono. Mpiga picha wa kutembea akatushika hapo hapo. Picha hiyo ninayo mpaka leo. Mkono wa mume wangu uko begani kwangu, umekaa kama umewekwa pale na mtu mwingine, na macho yake yako pembeni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniwekea mkono mbele za watu.

Njaa ilipokuja, tukashuka Kamalondo.

Kamalondo ni mtaa mkongwe, wa tangu enzi mji unaitwa Elisabethville, na ukitaka michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, huhitaji kuuliza njia, unafuata moshi. Tulimpata mchoma nyama mmoja kando ya baa, shati limefunguliwa mpaka tumboni, mbuzi wake ananing'inia chini ya kitambaa cha kuzuia nzi. Unachagua mwenyewe. Mume wangu alionyesha mbavu na sehemu ya paja, kisha akasema aongeze ini. Nyama ikapanda mzani, ikashuka, ikapigwa shoka juu ya gogo la mwembe, chumvi, na moja kwa moja juu ya waya. Jiko lilikuwa pipa la mafuta lililopasuliwa katikati, limejaa makala, yaani makaa. Makala hayo mimi siwezi kuyatazama bila kuwafikiria wale wanaume wanaoyaleta mjini kwa baiskeli, magunia yamepandana yamewapita vichwa, wanasukuma kilomita na kilomita kutoka msituni. Msitu unazidi kwenda mbali kila mwaka na wao wanazidi kuufuata. Michopo yote ya Lubumbashi inaanzia miguuni mwao.

Mafuta yakaanza kudondoka, moto ukaruka. Mchoma nyama alikuwa na chupa ya plastiki ameitoboa kifuniko; akaibana kidogo, maji yakanyunyiza, moto ukarudi chini, moshi ukatuingia machoni. Alikuwa hageuzi nyama ovyo. Aliiacha, akaisikiliza, akaigeuza mara moja. Ilipoiva akaikata vipande vidogo vya kutosha mdomoni, akachukua mfuko mtupu wa sima, ile saruji ya kujengea, akachana karatasi ya nje akaitupa, akafikia ile ya ndani iliyo safi. Hapo akauliza, bila kutuangalia:

"Karatasi moja ao mbili?"

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema mbili.

Niseme kwanza nilikotoka. Kwa baba yangu meza ilikuwa ya baba. Alikuwa mfanyakazi wa mgodi, akirudi kazini anakuta meza ina kitambaa, maji ya kunawa, bukari, yaani ugali, imefunikwa. Nilikuwa napeleka sahani kwa mikono miwili na kupiga goti. Kuku akichinjwa, firigisi ilikuwa ya baba, na mama aliiweka juu kabisa ili baba aione, asije akauliza. Sisi na mama tulikula jikoni kwenye sahani moja kubwa, tukacheka sana, sikumbuki kama kuna siku tuliona tumeonewa. Baba yangu alikuwa mtu mwema. Ila katika maisha yake yote na mama, sikuwahi kuona mikono yao miwili katika sahani moja. Na nilipoolewa niliupeleka utaratibu huo kwangu bila hata kuufikiria: meza, kitambaa, firigisi juu.

"Batu babili, karatasi moja," mume wangu akasema.

Mchoma nyama akamwaga nyama yote katikati, ini akaliweka upande mmoja, kitunguu juu, na pembeni rundo la pilipili iliyosagwa na chumvi. Tukapata benchi ukutani. Bukari ilikuja imefungwa kwenye plastiki, ya moto hadi inachoma vidole, na bia moja baridi ya Simba na glasi mbili. Ini lilikuwa upande wake. Nami nikaanza kama nilivyolelewa, na pembe za mbavu, pale penye mfupa mwingi, macho yangu kwenye bukari.

Hakusema neno. Aliishika karatasi kwenye kona, akaizungusha polepole juu ya benchi mpaka upande wa ini ukanielekea. Kisha akachovya tonge lake kwenye pilipili akaendelea kula mbavu. Mimi nilikaa na tonge mkononi. Watu walikuwa wanapita, hakuna aliyetutazama, wote walikuwa na haraka ya mechi. Nikachukua kipande cha ini. Kilikuwa cheusi nje na laini ndani, na chumvi imekolea. Nikachukua cha pili bila kungoja.

Ndipo redio ya baa ikapasuka. Goli! Sekunde chache baadaye sauti ya uwanja wenyewe ikatufikia kwa hewa kutoka Kenya, nzito, na benchi letu lote likasimama. Trésor Mputu, mshambuliaji wetu, hakuwepo uwanjani siku hiyo na mume wangu alikuwa na wasiwasi tangu asubuhi, lakini sasa alinishika mikono yote miwili, yenye mafuta vile vile, tukaruka. Ilikuwa hivyo mchana mzima. Redio kwanza, kisha hewa, kisha sisi. La pili, la tatu. Nyama ilipoa, mchoma nyama akairudisha motoni bila kuombwa, akaiongezea kitunguu, na hapo akataka na yeye kukaa na sisi. La nne. La tano. Kati ya magoli tuliongea. Likasi analala wapi hasa, nani anampikia, kwa nini hapendi kulala na dirisha wazi, ni kitu gani nilitaka kusomea kabla hatujaoana. Vitu vya bure kabisa, na hatukuwahi kuviuliza. Nyumbani tulikuwa tunaongea ada ya shule, kodi, na mgonjwa wa familia. Mimi ninaamini watu waliooana wanahitaji mahali penye moshi na kelele, mbali na nyumba yao, ili wafahamiane, na ninawaambia hivyo mabinti wanaokuja kuniuliza habari za ndoa.

Tano kwa bila. Gari halikupita tena. Tulinunua kipimo kingine kidogo cha kubeba, tukarudi kwa miguu, tukakatiza Kenya katikati ya ile furaha. Pikipiki, vuvuzela, masufuria yanapigwa, watu wanakumbatiana na wasiowajua. Watoto walikuwa wamekaa vumbini wanarukaruka kwa matako kama Kidiaba, kipa wetu, anavyofanya timu ikifunga, na suruali zao za Jumapili zimekwisha kazi. Mume wangu alinishika mkono ili tusipotezane, na tulipofika Katuba, penye nafasi, hakuuachia.

Mama mkwe alikuwa amempakulia mwanawe. Meza ina kitambaa, sahani moja, imefunikwa. Nikampa mama mkwe ile karatasi ya michopo, nikageuka niende jikoni.

"Mama, kaa hapa," mume wangu akasema. Akavuta kiti cha pili mezani, akafungua bukari.

Mama mkwe alitutazama, yeye na karatasi yake mkononi. "Na miye nikule na nani?"

"Kuya, mama."

Hakuja mara moja. Alikwenda kumtazama mtoto, akafunga mlango wa nje, akapunguza taa. Kisha akavuta stuli, akaifungua michopo katikati ya meza, akaonja, akasema chumvi imezidi, akala. Alipofika kipande cha tatu akauliza, "Banafunga ngapi?"

"Tano, mama."

"Tano! Anza na la kwanza," akasema, akajisogeza karibu na meza.