Nilivyopata propela ya ndege yangu ya betri hapa Tabora

Ndege yangu ni ndogo, ya kurusha kwa rimoti, ya kujifunzia. Mabawa ni ya ile sponji nyeupe ngumu inayokuja kwenye maboksi ya televisheni, na uzito wake na betri ni gramu 800 hivi. Mota ni ya Kv 1000, yaani mizunguko 1,000 kwa dakika kwa kila volti ikiwa haina mzigo. Betri ni lipo (lithiamu-polima) ya seli 3. Maelezo ya mota yanataka isizidi amperi 15, na hapo ndipo kazi ya kuchagua propela ilipokuwa.

Propela husomwa kwa namba mbili. 10x4.5 ina kipenyo cha inchi 10, na 4.5 ni pichi: umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama skrubu inavyoingia kwenye mbao. Pichi kubwa ni ya kukimbia. Ndege nyepesi yenye mabawa mapana inataka kuvutwa vizuri ikiwa taratibu, kwa hiyo nilielekea kwenye kipenyo kikubwa na pichi ndogo. Lakini kipenyo kinakula umeme mno. Ukitoka inchi 9 kwenda 10, pichi na mizunguko ikiwa ile ile, mzigo wa mota hupanda kwa zaidi ya nusu.

Kwa hiyo nikapima. Niliifunga ndege kwenye mguu wa meza, betri imejaa, mita ya wati katikati ya betri na kidhibiti mwendo, nami nimesimama nyuma, kamwe si ubavuni mwa propela. Sekunde chache zinatosha. 8x4 haikufika amperi 9. 10x4.5 ilisoma 14 na ushei, wati 160 na kitu, karibu wati 200 kwa kilo. Kwa ndege ya kujifunzia hiyo ni nguvu ya kutosha kabisa.

Binamu yangu wa Dar es Salaam, mota ile ile na propela ile ile, alivuka 15 akalazimika kushuka inchi 9. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya bahari; hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10, hivyo propela inaivuta kwa shida ndogo, ingawa na msukumo nao unapungua. Pima ulipo, usinakili namba za mtu.

Narusha asubuhi kabla ya upepo, nje ya mji, mbali na uwanja wa ndege. Nikitua nashika mota kwanza. Mkono ukivumilia joto lake, propela inabaki.